Dawa za maambukizi ya macho: kuchagua kati ya kloramfenikoli, tetrasaiklini, jentamaisini na siprofloksasini

Mtu huamka asubuhi kope zikiwa zimegandana, akazilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka matongotongo yaliyokauka yakaachia, na jicho linapofunguka hulikuta jekundu, likikwaruza kana kwamba limeingia mchanga. Kabatini ipo tyubu ya mafuta ya macho iliyobaki tangu ugonjwa uliopita, na kando yake kichupa cha matone ambacho mwingine nyumbani alikitumia nusu. Swali linalomjia kwanza ni ipi kati ya hizo mbili iliyo kali zaidi. Swali hilo ni la kawaida, lakini halijibiki, kwa kuwa dawa ya macho haiwi kali au hafifu yenyewe kwa yenyewe. Dawa inayommaliza bakteria mmoja kwa siku chache yaweza isimguse mwingine kabisa, na mbele ya virusi antibiotiki zote ni sawa na maji.

Zinazolinganishwa hapa ni antibiotiki nne zinazokutwa zaidi katika maduka ya dawa na zahanati, pamoja na mbili tatu zinazozikaribia. Mwishoni zimetajwa dawa za virusi na za fangasi, si kwa sababu msomaji atazichagua mwenyewe, bali kwa sababu kutozijua ndiko kunakowafanya watu waendelee kutia matone yasiyo na faida huku jicho likiharibika.

Kabla ya dawa: je, ni bakteria?

Makosa mengi hutokea kabla dawa haijachaguliwa. Sehemu kubwa ya macho mekundu husababishwa na virusi, hasa adenovirusi. Jicho hutoa maji mengi kuliko usaha, ugonjwa huanzia upande mmoja na kuhamia wa pili ndani ya siku chache, mara nyingi pamoja na mafua, na mgonjwa akipapasa mbele ya sikio huenda akakuta tezi ndogo inayouma. Hakuna antibiotiki inayofupisha ugonjwa huo, nao huisha wenyewe, wakati mwingine baada ya wiki mbili au tatu. Mzio nao huwasha macho yote mawili kiasi cha mtu kushindwa kuacha kuyasugua, na mara nyingi huandamana na kupiga chafya. Maambukizi ya bakteria hutambulika zaidi kwa usaha mzito wa njano au kijani unaojaa tena muda mfupi baada ya kufutwa. Kope kugandana peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hata virusi hugandisha kope.

Jambo linalosahaulika, na kwa maoni yangu ndilo chaguo linalostahili kutajwa kwanza, ni kutotia dawa yoyote kwa siku chache. Maambukizi mepesi ya bakteria kwenye utando laini unaofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, ambao wataalamu huuita konjunktiva, mara nyingi hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Antibiotiki huharakisha uponaji kidogo na hupunguza muda wa kuambukiza wengine, lakini mtu mzima mwenye afya anayesafisha macho kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa pamba mpya kila anapofuta, hajifanyii uzembe akisubiri.

Yote haya yanahusu konjunktiva. Mambo hubadilika ikiwa maambukizi yamefika kwenye konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, kwa sababu kovu dogo mahali hapo linaweza kubaki kama ukungu wa kudumu katika kuona. Maumivu ya ndani yasiyo kuwasha tu, kushindwa kuvumilia mwanga, kuona kwa shida hata baada ya kufuta usaha, au doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, ni dalili za kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Hivyo hivyo kwa mtoto mchanga wa siku 28 za kwanza, kwa anayevaa lenzi juu ya jicho, kwa aliyejeruhiwa jicho, na kwa mwenye kope iliyovimba sana pamoja na homa.

Vigezo vya ulinganisho

Kila dawa imepimwa kwa mambo manne. La kwanza ni wigo wake, yaani inaua bakteria gani na inawaacha gani. La pili ni matumizi: ni matone au mafuta, mara ngapi kwa siku, kwa muda gani, na inahifadhiwa vipi, kwa kuwa dawa nzuri isiyotiwa kwa wakati ni sawa na dawa mbaya. La tatu ni madhara. La nne ni nani inamfaa na nani haimfai. Bei haikuwekwa, kwa sababu inatofautiana mno, ingawa kwa ujumla mafuta ya tetrasaiklini na matone ya kloramfenikoli ni dawa za zamani zisizo ghali, na matone mapya ya jamii ya siprofloksasini hugharimu zaidi.

Neno moja kuhusu umbo la dawa, kwa kuwa linahusu zote. Matone huenea haraka na hayafifishi kuona kwa muda mrefu, lakini huoshwa na machozi ndani ya dakika chache. Mafuta hukaa muda mrefu zaidi na hayamwagiki mtoto anapolia, ila kwa dakika kadhaa mtu huona kama anatazama kupitia kioo chenye mvuke. Ndiyo maana watu wengi hupewa matone mchana na mafuta usiku. Tone moja linatosha. Kifuko cha chini ya kope hakina nafasi ya tone la pili, na yale matone matatu yanayokamuliwa kwa mpigo huishia shavuni. Kope ya chini ivutwe taratibu, tone lidondoke bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope, kisha jicho lifumbwe na kona ya ndani karibu na pua ibonyezwe kwa kidole kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremkie kooni. Kama ni dawa mbili za matone, dakika 5 zipite kati yake, na kama mojawapo ni mafuta, matone hutangulia.

Kloramfenikoli

*Wigo.* Dawa hii iligunduliwa mwaka 1947 kutokana na kijidudu cha udongo kilichopatikana Venezuela, nacho kikapewa jina la nchi hiyo. Huzuia bakteria kutengeneza protini, na huwafikia wengi wanaosababisha usaha wa kawaida machoni: stafilokoki, streptokoki, na bakteria wa njia ya hewa wanaowapata watoto mara kwa mara. Inaposhindwa ni mbele ya psudomonasi, bakteria hatari anayependa maji na lenzi, na anayeweza kutoboa konea kwa muda mfupi.

*Matumizi.* Matone ya asilimia 0.5 hutiwa kwa kawaida kila baada ya saa 2 katika siku mbili za kwanza mtu akiwa macho, kisha kila baada ya saa 4, kwa jumla ya siku 5. Mafuta ya asilimia 1 hupakwa mara 3 au 4 kwa siku, au mara moja usiku kama mchana yanatumika matone. Matone mengi ya kloramfenikoli yanataka kukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, na hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa chupa iliyozunguka na mtu mfukoni kwenye joto kwa wiki mbili huenda isiwe tena na nguvu iliyoandikwa juu yake. Mafuta hayana shida hiyo, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha kuyachagua pasipo na jokofu.

*Madhara.* Huchoma kidogo kwa sekunde chache. Linaloogopwa ni uboho kushindwa kutengeneza damu, tatizo adimu lililojulikana kwa waliomeza dawa hii au kudungwa. Kwa matone ya macho visa vilivyoripotiwa ni vichache mno, na wataalamu bado hawakubaliani kama dawa ndiyo chanzo. Kwa hiyo nchi zimeamua tofauti: Uingereza iliruhusu matone haya kuuzwa na mfamasia bila cheti cha daktari tangu 2005 kwa walio na umri wa miaka 2 na zaidi, ilhali Marekani madaktari huyaandika kwa nadra. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba upande mmoja umekosea. Kila upande umeipima hatari ndogo sana dhidi ya faida ambayo nayo, kwa ugonjwa unaoweza kupona wenyewe, si kubwa.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima au mtoto aliyevuka miaka 2, mwenye usaha wa kawaida, asiyevaa lenzi, na anayeweza kuhifadhi dawa kwa baridi. Aliyewahi kuugua damu au uboho, au aliye na ndugu wa karibu mwenye historia hiyo, achague nyingine. Mjamzito na anayenyonyesha wamweleze mfamasia au daktari kabla ya kuianza.

Tetrasaiklini

*Wigo.* Kwa usaha wa kila siku ni dawa ya kati: bakteria wengi wamekwisha kuizoea, na stafilokoki kadhaa hawaijali. Sifa yake kubwa iko kwingine, kwa klamidia, bakteria anayeishi ndani ya seli na kusababisha trakoma, ugonjwa ambao wengine huuita vikope. Trakoma ikijirudia miaka na miaka hukunja kope kwa ndani hadi kope hizo zianze kukwangua konea, na mwisho wake ni upofu.

*Matumizi.* Mafuta ya asilimia 1 hupakwa ndani ya kope ya chini, urefu wa takriban sentimita moja. Kwa maambukizi ya kawaida hupakwa mara kadhaa kwa siku, lakini kwa trakoma hutakiwa mara 2 kila siku kwa wiki 6. Wiki sita za kumshika mtoto kichwa asubuhi na jioni si jambo dogo. Baada ya wiki ya pili jicho huwa limetulia, mtoto amechoka, mzazi amechoka zaidi, na tyubu inawekwa kando. Ndiyo sababu azithromaisini ya kumeza, dozi moja ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito isiyozidi gramu 1 kwa mtu mzima, imechukua nafasi ya mafuta haya katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na trakoma, na mafuta yakabaki kwa watoto wachanga wasioweza kupewa dawa hiyo. Kwa uhifadhi, tyubu ya tetrasaiklini haina madai makubwa, haihitaji jokofu.

*Madhara.* Ni machache: kuona ukungu baada ya kupaka, na mara chache kope kuwasha. Wapo wanaohofia kwamba itayabadilisha rangi meno ya mtoto kama inavyofanya tetrasaiklini ya kumeza. Kiasi kinachofyonzwa kutoka jichoni ni kidogo sana, na mafuta haya ni miongoni mwa dawa zinazopendekezwa kupakwa mara moja machoni mwa watoto wote wanapozaliwa ili kuwakinga na maambukizi wanayoweza kuyapata njiani wakati wa kuzaliwa.

*Inamfaa nani.* Mtoto mdogo ambaye matone hayamkai, mtu asiye na jokofu, na mgonjwa wa trakoma asiyeweza kupata azithromaisini. Haimfai dereva au fundi anayehitaji kuona vizuri mchana kutwa, na haifai mahali penye kidonda cha konea.

Jentamaisini na tobramaisini

*Wigo.* Hizi mbili ni za ukoo mmoja na hutofautiana kidogo tu. Nguvu yao ni dhidi ya bakteria wa kundi la psudomonasi na jamaa zake, na huwafikia pia stafilokoki wengi. Udhaifu wao ni streptokoki, wakiwemo wale wa nimonia ambao huwapata watoto machoni mara nyingi. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua na usaha, ambaye kwa macho ya haraka anaonekana anahitaji "dawa kali", anaweza kupewa jentamaisini na asipate nafuu aliyoitarajia.

*Matumizi.* Matone ya asilimia 0.3 hutiwa kila baada ya saa 4 kwa ugonjwa wa kawaida, na mara nyingi zaidi ukiwa mkali. Hospitali kubwa hutengeneza matone mazito zaidi ya dawa hizi na kuyatumia pamoja na sefazolini, antibiotiki nyingine, kwa kidonda cha konea, lakini hayo hayauzwi dukani.

*Madhara.* Hapa ndipo penye tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha. Dawa hizi zikitumiwa kwa muda mrefu huchubua ngozi ya juu ya konea na kuchelewesha kupona kwake. Mgonjwa huanza na usaha, usaha unaisha siku ya tano, lakini jicho linabaki jekundu na kukwaruza, naye anaongeza matone akidhani ugonjwa haujaisha, kumbe sasa dawa ndiyo inayolichubua. Anayefika siku ya kumi akiwa bado anatia jentamaisini kwa ushauri wake mwenyewe ameshapita mahali pa kusimama.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima ambaye daktari anashuku bakteria wa kundi hilo, au ambaye dawa ya kwanza imeshindwa na sababu imechunguzwa, na kwa siku chache zilizohesabiwa. Haimfai aliyewahi kupata mzio kwa dawa za ukoo huu, ikiwemo neomaisini.

Siprofloksasini, ofloksasini na moksifloksasini

*Wigo.* Ni mpana kuliko wa dawa zote zilizotangulia. Hushambulia vimeng'enya ambavyo bakteria anavihitaji kukunja na kukunjua chembeuzi zake. Siprofloksasini ni hodari zaidi kwa psudomonasi, ilhali moksifloksasini, iliyokuja baadaye, iliongeza nguvu kwa streptokoki na stafilokoki ambao siprofloksasini huwagusa kwa unyonge. Kwa hiyo hata ndani ya jamii hii "mpya zaidi" haimaanishi bora kwa kila kitu. Stafilokoki sugu wa hospitali mara nyingi huzipita zote.

*Matumizi.* Kwa konjunktiva, siprofloksasini ya asilimia 0.3 hutiwa kila baada ya saa 2 kwa siku mbili mtu akiwa macho, kisha kila baada ya saa 4 kwa siku 5 zinazofuata. Moksifloksasini ya asilimia 0.5 hutiwa mara 3 tu kwa siku kwa siku 7, nafuu kubwa kwa anayefanya kazi au mwenye mtoto anayekwenda shule. Kwa kidonda cha konea mambo ni mengine kabisa: siprofloksasini hutiwa kila dakika 15 kwa saa 6 za kwanza, kila nusu saa kwa sehemu iliyobaki ya siku ya kwanza, na kila saa siku ya pili. Anayesoma ratiba hiyo ataelewa kwa nini wagonjwa wengine hulazwa, si kwa sababu ya ubaya wa hali tu, bali kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwamsha mtu usiku kucha.

*Madhara.* Huchoma kidogo na kuacha ladha chungu mdomoni. Siprofloksasini ina tabia ya kuacha chenga nyeupe juu ya kidonda cha konea. Katika majaribio ya dawa hii zilionekana kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 6. Mgonjwa anayejitazama kwenye kioo huona doa jeupe limezidi na kudhani kidonda kinakua, kumbe ni dawa yenyewe iliyoganda, nayo huyeyuka baadaye. Anayeweza kutofautisha ni daktari mwenye darubini, kwa hiyo asiache dawa bila kuuliza. Ofloksasini haina sana tabia hiyo.

*Inamfaa nani.* Avaaye lenzi, aliye na kidonda cha konea kilichothibitishwa, na mwenye maambukizi makali. Kwa jicho jekundu la kawaida inafanya kazi, hilo halina ubishi, lakini kuitumia kwa kila matongotongo ni kuwazoesha bakteria silaha ambayo konea itaihitaji siku nyingine. Mimi ningeiacha nyuma mpaka kuwe na sababu.

Zinazozikaribia

Asidi ya fusidi, matone mazito ya asilimia 1 yanayotiwa mara 2 tu kwa siku, ni nzuri kwa stafilokoki na kwa wanaochoka kuhesabu saa, lakini wigo wake ni mwembamba. Azithromaisini ya matone ya asilimia 1.5 hutiwa mara 2 kwa siku kwa siku 3 peke yake, nayo hufaa pia kwa klamidia. Mafuta ya erithromaisini ya asilimia 0.5 yanakaribiana na tetrasaiklini kwa ulaini na kwa kuwafaa watoto wachanga. Chokea, lile jipu dogo kwenye ukingo wa kope, kwa kawaida halihitaji yoyote kati ya hizi. Kitambaa chenye maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 mara kadhaa kwa siku, hulifanya liive na kupasuka lenyewe.

Pale ambapo antibiotiki zote nne si jibu

Virusi vya herpesi, vile vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni, hushambulia konea. Daktari anapotia rangi ya njano jichoni na kumulika kwa taa ya buluu, kidonda hung'aa kijani kikiwa na umbo la tawi la mti lenye vijitawi. Dawa yake ni asiklovia, mafuta ya asilimia 3 mara 5 kwa siku, yanayoendelea angalau siku 3 baada ya kidonda kufunga, au jeli ya gansiklovia ya asilimia 0.15. Mkanda wa jeshi unaotokea kwenye paji la uso na kope hutibiwa kwa asiklovia ya kumeza, na faida huwa kubwa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee.

Fangasi nao huingia baada ya jicho kuchomwa au kukwaruzwa na jani, mwiba au kijiti. Kidonda chake hukua polepole, na kingo zake huwa na manyoyamanyoya. Natamaisini ya asilimia 5, maji meupe mazito yanayopaswa kutikiswa kila mara kabla ya kutiwa, hutumika kila saa moja au mbili mwanzoni na kuendelea kwa wiki kadhaa. Ingawa ni ya zamani, utafiti uliofanyika kusini mwa India na kuchapishwa 2013 ulionyesha kuwa iliishinda vorikonazoli, dawa mpya zaidi, hasa kwa fangasi wa kundi la fusariamu. Akantamiba, kimelea cha maji kinachowapata wanaosuuza lenzi kwa maji ya bomba, hahusiani na dawa yoyote iliyotajwa hapa, na matibabu yake huchukua miezi.

Kuna pia chupa moja ya kuogopwa kuliko zote: ile iliyochanganya antibiotiki na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, kama deksamethasoni. Hutuliza wekundu kwa siku moja, na ndiyo maana hupendwa. Lakini huwapa nafasi herpesi na fangasi kutafuna konea kimyakimya, na ikizoeleka huleta glakoma, yaani presha ya macho, na mtoto wa jicho. Jina la steroidi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Lisomwe kabla ya kufungua kifuniko.

Mwongozo kwa hali

Mtu mzima mwenye usaha wa kawaida, asiye na maumivu wala shida ya kuona, anaweza kusafisha na kusubiri siku mbili tatu. Akitaka dawa, au akilazimika kukaa karibu na wengine, kloramfenikoli ya matone inamtosha akiwa na jokofu, na mafuta ya kloramfenikoli au tetrasaiklini asipokuwa nalo. Anayeshindwa kutia dawa mara nyingi kwa siku aulize asidi ya fusidi au moksifloksasini.

Mtoto wa chini ya miaka 2 aonwe na mhudumu wa afya kabla ya dawa, na mara nyingi ataandikiwa mafuta kwa sababu matone hayamkai. Mtoto mchanga mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba ndani ya siku chache za kuzaliwa huenda ana kisonono cha macho, kinachotoboa konea kwa haraka. Dawa ya kupaka haimtoshi, bali sindano ya seftriaksoni, na mama na mwenzi wake nao hutibiwa.

Mtoto anayeishi penye trakoma, mwenye macho yanayougua na kupona bila kukoma, anahitaji azithromaisini ya kumeza, na tetrasaiklini kwa wiki 6 zote pale azithromaisini isipopatikana. Nyumba nzima hutazamwa, kwa sababu kumtibu mmoja kati ya watoto wanne wanaolala pamoja ni kumrudisha kwenye ugonjwa.

Ambaye dalili zake hazijapungua baada ya siku mbili au tatu za dawa iliyotiwa ipasavyo asibadilishe kutoka matone haya kwenda yale kwa kukisia. Aende na chupa zote alizotumia, hata tupu, kwa kuwa daktari atataka kujua ni zipi zilizoshindwa kabla ya kuchukua sampuli.

Avaaye lenzi akiona jicho limekuwa jekundu na linauma, azivue lenzi hizo mara moja wala asizirudishe, asianze kloramfenikoli wala tetrasaiklini, na aende kwa daktari wa macho siku hiyo akiwa amebeba lenzi na kikasha chake bila kukiosha, ili vimelea vilivyomo viweze kuoteshwa maabara.